Ringi Mpya, Bloku Iliyolika: Kufungua na Kufunga Juu ya Injini ya Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ya zamani inapanda kilima cha Chimwaga, hapa Dodoma, na abiria mmoja tu, nyuma imeacha moshi wa bluu, na asubuhi haiwaki mpaka mwenyewe atoke jasho kwa kupiga kiki. Akiuliza kijiweni au dukani, jibu huwa moja: badilisha ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Ringi zinabadilishwa, moshi unakatika wiki mbili tatu, kisha unarudi, pengine mzito kuliko mwanzo. Mwenye pikipiki analaumu ringi feki, fundi analaumu oili. Mara nyingi ringi hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa duara, zikatiwa ndani ya bloku, ile silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, ambayo siku nyingi imeacha kuwa duara.

Kazi ya juu ya injini ni kazi ya vitu viwili viwili vinavyokutana: pistoni na bloku, ringi na mfereji wake, valvu (mlango wa hewa au moshi) na kiti chake, hedi (kifuniko cha juu ya silinda) na uso wa bloku. Nafasi kati yao inapimwa kwa sehemu za mia za milimita. Unywele wa binadamu una unene wa kama mm 0.07, nafasi kati ya pistoni mpya na bloku mpya ni karibu nusu ya unywele huo. Jicho haliioni, na kidole, hata cha fundi mzoefu, kinadanganyika. Kwa hiyo anayebadilisha kipuri bila kupima anabahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye pikipiki.

Vipimo vilivyomo humu ni vya injini ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, kwa sababu ndiyo injini ya zamani inayokutwa zaidi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kabla ya Boxer na TVS kushika soko zilibeba injini ya ukoo huo. Kipenyo cha bloku ni mm 56.5 na pistoni inasafiri mm 49.5, ndiyo zinapatikana sentimita za ujazo 124. Zile zinazoandikwa 150 mara nyingi zina kipenyo cha mm 62 na safari ileile. Valvu zinasukumwa na fito mbili kutoka kwenye kemu, ekseli yenye nundu, iliyo chini. Haina cheni ya taimingi, na hiyo ni neema kwa fundi. Kwa injini yenye cheni kanuni za kupima ni hizi hizi, ila tarakimu zake zichukuliwe kwenye kitabu chake.

Kabla ya kushika spana

Hakikisha kwanza ugonjwa uko juu kweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unaotoka ndio unaosema oili imepita wapi. Ukitoka pale unapovuta mafuta injini ikiwa na mzigo, huku bomba la kupumulia injini likipuliza kama birika, gesi za mlipuko zinapita pembeni mwa ringi na oili inapanda. Ukitoka sekunde chache tu pikipiki inapowashwa baada ya kulala, au unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukavuta tena, oili inashuka kwenye mashina ya valvu. Hapo tafuta sili na gaidi (bomba dogo linaloongoza shina la valvu). Moshi mweusi ni habari nyingine kabisa: petroli imezidi hewa. Usifungue injini kwa sababu ya moshi mweusi, fungua kabureta na uangalie chujio la hewa.

Kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa. Injini iwe na joto, plagi imetolewa na geji imekazwa mahali pake, mafuta yamevutwa mpaka mwisho, piga kiki mara sita au saba mpaka mshale usipande tena. Watu wengi wanasahau kuvuta mafuta. Mlango wa kabureta ukiwa umefungwa injini haipati hewa ya kubana, na geji itasoma chini hata kama injini ni nzima.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vingi havilitaji. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Injini inayosoma psi 170 (psi ni kipimo cha mgandamizo) pwani itasoma karibu 150 hapa, na haina ubaya wowote. Fundi anayeshika tarakimu ya kitabu bila kuipunguza atafungua injini nzima. Ikishuka chini ya 120 hapa Dodoma, sasa kuna jambo.

Kabla ya kuamini tarakimu hiyo, angalia tapeti, skrubu ya kurekebisha nafasi kati ya shina la valvu na roka, mkono unaolisukuma. Tapeti iliyobana huiacha valvu wazi kidogo muda wote na kompresheni inakufa, na dawa yake ni kuilegeza tu. Tapeti zikiwa sawa na geji bado iko chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara mbili kuisambaza, pima tena. Mshale ukipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi kwa muda: tatizo ni ringi na bloku. Usipopanda, hewa inatoroka kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Ni nini kimeila

Bloku hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuza safari. Pistoni hapo inasimama kwa nukta ya muda, utando wa oili unakatika, na wakati huohuo mlipuko unaingia nyuma ya ringi na kuibana ukutani kwa nguvu zake zote. Tena inalika zaidi mbele na nyuma kuliko kushoto na kulia, kwa kuwa konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na krenki (ekseli inayozunguka chini yake), inasimama kwa mshazari na kuielemeza pistoni upande wa mbele na wa nyuma. Ndiyo maana bloku kuukuu huwa na maumbo mawili mabaya kwa pamoja: imekuwa pana juu kama faneli, na imekuwa yai.

Katika mkoa huu kasi ya kulika ina chanzo kinachojulikana. Kuanzia mvua zinapokatika hadi zinaporudi karibu na Desemba, njia za kwenda vijijini ni unga mtupu. Vumbi hilo limetokana na mawe ya itale, yaleyale ya vilima vinavyouzunguka mji, na ndani ya itale mna kwatzi. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati chuma cha kisu cha kawaida kiko karibu 5.5. Chembe kubwa hukamatwa na chujio au huanguka. Zinazoua ni zile laini zisizohisika hata kwenye ncha za vidole, ambazo unene wake unakaribiana na ule wa utando wa oili. Zikichanganyika na oili zinakuwa kama ile dawa ya kusagia valvu. Injini inajisaga yenyewe kila inapozunguka.

Kufungua

Osha injini nje mpaka ing'ae kabla ya kulegeza nati moja. Udongo ulioganda kwenye mapezi ya bloku ndio utakaodondoka ndani hedi ikiinuliwa. Mwaga oili, ondoa tangi, ekzosi, kabureta na plagi. Fungua kava la tapeti, kisha zungusha krenki mpaka alama ya T kwenye sumaku ikutane na alama ya kava na roka zote mbili zicheze kidogo. Hapo pistoni iko juu, valvu zote zimefungwa, na hakuna springi inayoisukuma hedi upande mmoja.

Nati za hedi zilegezwe kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, kwa zamu. Kulegeza moja mpaka mwisho wakati nyingine zimebana kunapinda aluminiamu. Fito za kusukuma valvu zitie alama, ya kuingiza na ya kutoa, maana kila moja imeshazoeana na roka yake. Hedi ikinata igonge kwa nyundo ya mpira kwenye sehemu nene. Bisibisi isichomekwe kamwe katikati ya hedi na bloku. Mkwaruzo mmoja pale ni njia ya kudumu ya gesi.

Bloku ikianza kupanda, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi kabla pistoni haijatoka nje. Klipu za pini inayoishika pistoni kwenye konrodi zina tabia ya kuruka, na klipu iliyozama chini inaweza kukufungulisha injini nzima. Klipu za zamani zitupwe, hazirudishwi. Pini ikigoma, funga pistoni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, subiri dakika mbili, isukume kwa kidole au kijiti. Kuigonga kwa nyundo konrodi ikiwa haina egemeo kunapinda konrodi, na konrodi iliyopinda itaifanya bloku mpya ilike upande mmoja bila mtu kujua sababu.

Pistoni ikiwa imetoka, ishike konrodi uivute juu na kuisukuma chini. Isiwe na mchezo hata kidogo wa kwenda juu na chini. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Ikigonga kwa juu na chini, beringi ya krenki imekwisha, na hakuna faida ya kuweka bloku mpya juu ya krenki mbovu. Mwambie mwenye pikipiki sasa hivi, kabla hajanunua chochote.

Kupima

Hii ndiyo sehemu inayorukwa sana na ndiyo yenye uamuzi wote. Vernia haitoshi, kwa sababu ile ya kawaida inakosea kwa mm 0.05, na kosa hilo ni sawa na nafasi nzima unayoitafuta. Inahitajika maikromita ya mm 50 hadi 75 na geji ya kupimia ndani ya silinda. Asiye navyo apeleke bloku kwa mchongaji, fundi wa mashine ya kupanua bloku, apimiwe. Wachongaji wote wa kweli wanavyo. Asiye na maikromita hafai kukuchongea.

Pima sehemu tatu: mm 10 chini ya ule ukingo wa juu, katikati, na mm 10 kutoka chini. Kila sehemu pima mara mbili, mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia. Tuseme umepata hivi: juu 56.63 na 56.58, katikati 56.58 na 56.56, chini 56.52 na 56.51. Chini bado bloku inakaribia upya wake. Juu, mbele kwa nyuma, imepanuka kwa mm 0.13, na imekuwa yai kwa 0.05. Ringi mpya ikishuka na kupanda humo inalazimika kutanuka na kujibana mara elfu kadhaa kwa dakika, na kila inapofika juu inaacha mwanya pande mbili. Ringi haiwezi kuponya hilo. Tofauti ya juu na chini ikizidi mm 0.05, au nafasi ya pistoni ikifika mm 0.10, bloku inakwenda kuchongwa.

Pistoni nayo ina mahali pake pa kupimwa: mm 10 hivi kutoka kwenye ukingo wa chini, upande usio na tundu la pini. Pistoni imetengenezwa nyembamba juu na kwa umbo la yai makusudi, ili ikipata joto iwe duara. Anayepima kichwani atapata tarakimu ndogo na kudhani pistoni imekwisha.

Pistoni za ovasaizi, yaani zilizozidi kipenyo cha asili, zinauzwa kwa hatua za mm 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kwa bloku ya mfano wetu, hesabu ya karatasi inasema 0.25 inatosha, kwa kuwa 56.75 ni kubwa kuliko 56.63. Lakini bloku haijalika pande zote sawa. Ikilika zaidi upande mmoja, mchongaji akishika kitovu cha zamani atakuta bado kuna doa jeusi ambalo kisu hakikuligusa. Kwa hiyo mara nyingi ni salama kuruka moja kwa moja hadi 0.50 kuliko kuchonga mara mbili.

Nunua pistoni kwanza, ndipo uchonge. Mpangilio huo haugeuzwi. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kwa mm 0.02, na hiyo ni nusu ya nafasi yako. Mchongaji aipime pistoni iliyo mkononi. Ikisoma 56.96, bloku iishie 57.00, nafasi iwe 0.04. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, ukiacha 0.02 pistoni itakamata ukutani siku ya kwanza utakapobeba gunia mbili za mahindi kupanda mlima. Ukiacha 0.10 itagonga kila asubuhi mpaka ipate joto, na ringi zitayumba ndani ya mifereji.

Kisu cha kuchongea kiachie kama mm 0.05 za mwisho ziondolewe kwa mawe ya kusugulia, na mistari ya mawe ikatane kwa mshazari, nyuzi 45 hadi 60. Mistari hiyo ndiyo ghala la oili. Bloku inayong'aa kama kioo ni nzuri kwa macho tu: oili haina pa kushika na ringi hazitakaa. Mwombe pia mchongaji alainishe ukingo wa chini wa bloku, la sivyo ringi zitakatwa wakati wa kuingiza.

Siku hizi wengi wanaona afadhali seti nzima mpya, bloku na pistoni ndani ya boksi moja. Si vibaya, na kwa injini ya 125 bei zinakaribiana. Lakini seti nayo ipimwe. Kuna seti zinazotoka na nafasi ya 0.08, yaani zimezeeka kabla ya kuanza kazi. Na kama bloku ya zamani ni ya kiwandani na bado haijafika ovasaizi ya mwisho, kuichonga kwa pistoni nzuri kutakupa injini ya maisha marefu zaidi kuliko seti ya bei ya chini. Bloku za pikipiki za kisasa zilizopakwa ngozi ngumu ndani hazichongwi, hizo hubadilishwa.

Maji ya moto na sabuni

Bloku ikitoka kwa mchongaji inaonekana safi. Si safi. Ndani ya ile mistari ya mshazari mmejaa chembe za mawe ya kusugulia, ngumu kuliko hata lile vumbi la barabarani. Wengi huisuuza kwa petroli na kuipuliza. Petroli inaondoa mafuta na kuziacha chembe palepale, zimekauka na kushikilia.

Chukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Sugua kwa kufuata mistari, juu chini na mshazari, badilisha maji yakichafuka, rudia. Kausha haraka kwa kitambaa, kwa sababu chuma kitupu kinaanza kutu ndani ya dakika chache, hata kwenye hewa kavu ya hapa. Kisha chovya kitambaa cheupe kwenye oili safi na ufute ukuta wote. Kitambaa kitatoka na rangi ya kijivu. Hiyo kijivu ndiyo ingekula ringi zako. Rudi kwenye maji na sabuni, futa tena kwa kipande kingine, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kwa kawaida ni mara tatu au nne. Dakika ishirini za kazi hii zina thamani kuliko tofauti ya bei kati ya ringi za asili na za kuiga.

Sasa ringi. Ingiza kila moja peke yake ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ishuke mm 20 ikiwa imelala sawa, na pima mwanya wa ncha zake kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Kwa kipenyo hiki mwanya uwe kati ya mm 0.15 na 0.35. Ukiwa chini ya hapo, ncha zitagusana ringi ikipata moto, zitasukumana na kuivunja au kuchana ukuta. Punguza ncha kwa tupa ndogo, ukivuta kutoka nje kwenda ndani tu, kidogo kidogo. Ukizidi 0.5, ringi si ya bloku hiyo. Maandishi madogo kwenye ringi yatazame juu. Ringi ya oili ina vipande vitatu. Ile springi ya katikati ncha zake zikutane bila kupandana. Ikipandana, moshi wa bluu utaanza siku hiyohiyo, na utafungua tena kila kitu.

Hedi na valvu

Hedi husahauliwa kwa sababu moshi umeshalaumiwa kwa ringi. Toa springi na valvu, kwangua kaboni kwa kijiti kigumu au shaba, usitumie bisibisi. Inua valvu kama mm 10 na uitikise pembeni: ikicheza kwa kuonekana wazi, shina au gaidi limelika, na sili mpya haitakaa muda. Valvu ya kutoa moshi hulika zaidi kwa sababu ya joto. Sili za mashina zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima; mpira wake ukishakuwa mgumu haurudi.

Kusaga valvu kunafahamika kwa mafundi karibu wote, ila wengi wanasaga kupita kiasi. Paka dawa ya kusagia kidogo tu, zungusha kwa viganja mbele na nyuma, inua, geuza robo, endelea. Unachotafuta ni mkanda wa kijivu, usiokatika, wenye upana wa kama mm 1 hadi 1.5 kuzunguka uso wote. Ukishaupata acha. Kuendelea kunapanua kiti, na kiti kipana kinabana kwa nguvu ndogo na kukusanya kaboni. Pia valvu inazama na tapeti inapungua. Ikiwa kiti kimechimbika au ukingo wa valvu umekuwa mwembamba kama wembe, kusaga hakutasaidia: kiti kikatwe upya na valvu ibadilishwe. Osha dawa yote, rudisha springi, mimina mafuta ya taa kwenye mlango wa kuingizia na wa kutolea. Yasipovuja kuelekea upande wa plagi kwa dakika kadhaa, valvu zimekaa.

Uso wa hedi ulazwe rula ya chuma iliyonyooka. Fila ya mm 0.05 isipite popote. Ikipita, weka msasa namba 400 juu ya kioo kinene, utie mafuta ya taa, sugua kwa umbo la namba nane mpaka rangi iwe moja.

Kufunga

Gasketi mpya, kavu. Ile gundi ya silikoni inayopakwa kwa wingi chini ya bloku ina madhara usiyoyaona: inayominyika ndani hukatika, ikazunguka na oili, ikaziba kitundu kinachopeleka oili kwenye roka. Roka zikikauka huanza kulia, na watu hurudi kulaumu tapeti.

Pistoni ina alama kichwani, neno IN au mshale. IN hutazama upande wa kabureta, mshale hutazama ekzosi. Klipu mpya ziingie zikiwa na mdomo juu au chini, mbali na kile kijipengo cha kuzitolea. Mianya ya ringi tatu itawanywe kwa thuluthi ya duara, isipangane. Paka oili safi kwenye pistoni na ukuta. Weka vijiti viwili vya mbao chini ya pistoni kuishikilia, bana ringi kwa vidole, mwenzako ashushe bloku taratibu bila kuizungusha. Ikikwama usisukume. Kuna ringi imetoka mferejini. Inua, itazame, anza upya.

Nati za hedi zikazwe kwa msalaba na kwa hatua tatu. Kwa nati za bolti za mm 8, mwisho wake huwa kati ya Nm 20 na 30 kutegemea injini, kwa hiyo anza na 10, nenda 18, malizia kwa kipimo cha kitabu. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni ghali, lakini mafundi wa kijiwe kimoja wanaweza kuchanga na kuimiliki moja. Kukaza kwa hisia ya mkono ndiko kunakochomoa uzi wa bolti kwenye aluminiamu, na ndiko kunakopinda hedi uliyoisugua kwa saa nzima.

Tapeti ziseti injini ikiwa baridi, pistoni juu, mm 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukishakaza nati ya kufungia pima tena, kwa sababu kukaza huvuta skrubu. Anayebana tapeti ili zisipige kelele anaunguza valvu: ikipata joto inarefuka, haifungi, na moto unapita kwenye kiti. Tapeti inayosikika kwa mbali ni bora kuliko iliyonyamaza.

Usiondoke hapo bila kusafisha upande wa klachi. Injini nyingi za ukoo huu zina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, kinachokamata uchafu kwa nguvu ya mzunguko. Wengi hawakifungui kikombe hicho mpaka injini ife. Ndani utakuta tope gumu, nalo ni bloku yako ya zamani pamoja na vumbi. Lioshe. Weka oili takriban lita 1 ya 20W-40 au 20W-50 yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki ambazo klachi yake inaoga oili ya injini. Oili ya gari yenye dawa ya kulainisha huifanya klachi iteleze.

Siku za kwanza

Piga kiki mara ishirini au thelathini plagi ikiwa nje, kava la tapeti likiwa wazi, mpaka uone oili imefika kwenye roka. Kisha washa. Dakika mbili tatu za kupata joto, kisha iendeshe. Kuiacha ikinguruma saa nzima ikiwa imesimama, kama wengi wanavyofanya, kunaharibu kazi yote: gesi haina nguvu ya kuzibana ringi ukutani, ile mistari inasuguliwa bila ringi kukaa, na bloku inakuwa kioo. Baada ya hapo moshi hauondoki bila kusugua upya.

Vuta mafuta kiasi cha nusu, achia, vuta tena, achia. Kuvuta kunabana ringi, kuachia kunanyonya oili na kupooza. Kilomita 500 za kwanza usibebe gunia wala abiria wawili, na usiishikilie kwenye mwendo mmoja mrefu. Barabara iliyonyooka kutoka Dodoma kwenda Manyoni inashawishi sana, ila siyo ya injini mpya. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 100 hivi, ya pili baada ya 500. Katika hizo 500, injini ikiwa imelala usiku kucha, hakiki toki ya hedi na useti tapeti tena. Gasketi imeshakaa, na nafasi zimebadilika.

Chujio la hewa liwe limeshughulikiwa kabla hujawasha mara ya kwanza. La sponji lioshwe kwa mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, likauke kabisa, lichovywe kwenye oili na kukamuliwa. Sponji kavu haikamati vumbi. La karatasi lisioshwe. Likiwa jeusi libadilishwe. Halafu geukia kitu kinachosahauliwa kuliko vyote, ule mpira unaounganisha boksi la chujio na kabureta. Ukipata miaka kumi ya jua unapasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana, na injini inavuta hewa yake hapo, nyuma ya chujio lako jipya. Upinde kwa mkono uangalie nyufa, kaza klampu zake, paka grisi kidogo kwenye midomo. Baada ya wiki moja ya kazi chomoa kabureta upande wa mpira na ufute koo lake kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na rangi ya udongo, zima pikipiki hapohapo na utafute tundu.